Na Mjomba njia ya King: Atlanta hadi Memphis

Jumamosi, Atlanta

Mjomba katua toka Dar na karibu kila nilichompangia kakikataa. Akwariamu hataki, samaki anawajua. Jumba la Coca-Cola hataki, anasema soda hata Tanga ipo. Alichotaka yeye ni kuona kaburi la Martin Luther King, yule mchungaji mpigania haki za weusi wa Marekani, na kuona pale walipomuulia, basi, na kwa vile hizo sehemu mbili zimeachana kama kilometa 630 nikaona bora tuzunguke kabisa, tushuke Alabama, tupite Montgomery, Selma, Birmingham, tutokee Memphis. Nikaomba off kazini nikapewa.

Kinachomvuta ni hiki. Mjomba alikuwa karani wa reli enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ilipovunjika 1977 alikuwa kijana tu, na toka hapo ni mmoja wa wale waliodai mafao yao miaka nenda rudi, kukaa nje ya ofisi, kuandika barua, kuambiwa njoo wiki ijayo, kurudi wiki ijayo. Yeye ndo alikuwa anatunza daftari la majina. Hajawahi kurusha hata jiwe, na anachukia sana mtu akimwita mpole.

Auburn Avenue asubuhi palikuwa patupu. Nyumba namba 501 alipozaliwa King, 15 Januari 1929, ilikuwa kwenye matengenezo kwahiyo tuliiona kwa nje tu, ni nyumba ya kawaida ya mbao ya ghorofa moja. Ukitembea kidogo unakuta kanisa la Ebenezer alilohubiri babu yake, baba yake, na yeye mwenyewe, na jirani na kanisa ndo kaburi, jeupe, limewekwa katikati ya bwawa refu la maji, yuko yeye na mkewe Coretta aliyefariki 2006. Mjomba akasoma miaka, akapiga hesabu kwa vidole. "Thelathini na tisa. Huyu alikuwa mtoto." Kisha akakaa kwenye benchi muda mrefu na mimi nikamwacha.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba mama yake King naye aliuawa kwa risasi, ndani ya hilohilo kanisa la Ebenezer, Juni 1974, akiwa anapiga kinanda ibadani. Mzee King akawa kamzika mtoto kwa bunduki na mke kwa bunduki, na bado aliendelea kuhubiri kwamba hatamchukia mtu. Nilivyomwambia Mjomba hivyo hakujibu, alitikisa kichwa tu.

Hapa Marekani King kawa kama mtakatifu wa serikali. Rais Reagan alisaini sheria ya sikukuu yake 1983, wakaanza kuiadhimisha 1986, kila Jumatatu ya tatu ya Januari, na siku hiyo utaona matangazo ya magodoro bei chee na kila mwanasiasa, hata yule anayepinga kila alichosimamia King, anaposti ule mstari mmoja wa "nina ndoto" toka hotuba yake ya Agosti 1963. Mstari mmoja tu, hotuba nzima hawaisomi. Wakati kura ya maoni ya Gallup ya 1966 inaonyesha asilimia 63 ya Wamarekani walikuwa hawampendi. Mjomba aliifurahia hiyo namba kuliko kitu chochote leo. "Sasa ndo nimemwelewa," akasema, "alikuwa anakera."

Tukapita pia upande wa vyuo, maana Mei 1959 Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, alikuja Atlanta akaandaliwa chakula cha usiku, King akazungumza hapo. Mboya alikuwa anazunguka kutafuta nafasi za masomo, na Septemba mwaka huohuo ndege ya kwanza ikaleta wanafunzi 81 toka Afrika Mashariki. Mboya naye alipigwa risasi Nairobi Julai 1969, hajafika hata miaka 39, mwaka mmoja na miezi mitatu baada ya King.

Jioni tulikula Clarkston, hapa pembeni ya Atlanta, wakimbizi wengi wanaishi huku na Kiswahili cha Kongo utakisikia dukani kama uko Bukavu. Fufu, sombe, samaki. Kijana aliyetuhudumia akauliza tunasafiri kwenda wapi, nikamwambia, akamgeukia Mjomba: "Papa, uyu King alipiganaga na nani?" Mjomba akamwambia subiri nikirudi nitakuambia.

Jumapili, Montgomery

Tumetoka alfajiri. Ukivuka Alabama saa inarudi nyuma moja, kwahiyo tuliwahi ibada. Kanisa la Dexter Avenue ni dogo, la matofali mekundu, na liko hatua chache tu toka jengo la bunge la jimbo, lenye ngazi nyeupe, pale alipoapishwa Jefferson Davis kuwa rais wa majimbo yaliyojitenga ili yaendelee na utumwa. Yani mchungaji akitoka kanisani anakutana nalo uso kwa uso. King alikuja hapa 1954 akiwa na miaka 25, kazi yake ya kwanza ya uchungaji, anamalizia shahada yake, hana mpango wa kuwa kiongozi wa mtu.

Hadithi ya Rosa Parks kila mtu anaijua, 1 Desemba 1955, kakataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi, kakamatwa. Ila jinsi inavyosimuliwa ni kama mama alichoka miguu tu na kesho yake watu wakaacha basi. Hapana bana. Mama alikuwa katibu wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, hapa mjini, mzoefu. Miezi tisa nyuma yake, Machi, binti wa miaka 15 Claudette Colvin alikuwa kashakataa na kakamatwa vilevile. Na usiku ule Rosa alipokamatwa mwalimu mmoja wa chuo, Jo Ann Robinson, aliingia chuoni akakesha anazungusha mashine ya kudurusu, maelfu kwa maelfu ya vikaratasi, asubuhi vikasambazwa mashuleni na madukani: Jumatatu msipande basi. Mjomba aliposikia habari ya mashine ya kudurusu alisimama katikati ya barabara. Zile za kuzungusha kwa mkono walikuwa nazo stesheni, wino unakaa vidoleni wiki nzima.

Walidhani ni siku moja. Ikawa siku 381.

Sasa fikiria mwenyewe, watu kama elfu arobaini wanahitaji kufika kazini kila siku na hawapandi basi. Wengi ni mama wa kazi za ndani wanaoenda kupika nyumba za wazungu upande wa pili wa mji. Kwanza walitumia teksi za weusi wenzao kwa senti kumi, nauli ileile ya basi, manispaa ikaibua sheria kwamba teksi lazima itoze angalau senti 45. Basi wakapanga magari ya watu binafsi, mia tatu hivi, vituo vya kushushia na kupakia, ratiba, wasimamizi, mchango wa mafuta, makanisa yakanunua magari yakawa kama daladala za kanisa. Kampuni za bima zikafuta bima, wakaenda kutafuta bima London. Mama mmoja mpishi, Georgia Gilmore, alifukuzwa kazi akawa anapika nyumbani, kuku, samaki, mikate ya matunda, anauza na wenzake, hela inaingia kwenye mfuko wa mgomo. Wanunuzi wengine ni wazungu, wala hawajui wanagharamia nini.

Mimi hii ndo naiona iko hai kuliko hotuba zote. Watu wakisikia harakati za amani wanapata picha ya watu wameshikana mikono wanaimba, na ndo maana wakubwa wanaipenda sana hiyo picha, kila vijana wakikasirika wanaambiwa igeni King, tulieni. King wa Montgomery hakutulia, alilitia hasara shirika la mabasi. Mahakama Kuu ya nchi iliposema ubaguzi kwenye mabasi ni haramu, mwisho wa 1956, kampuni ilikuwa imekaa mwaka mzima bila robo tatu ya abiria wake.

Na hakuzaliwa nayo hii imani ya kupambana bila silaha. Nyumba yake ipo Mtaa wa Jackson, namba 309, leo Jumapili haifunguliwi lakini baraza unaliona. 30 Januari 1956 walirusha bomu hapo, mkewe na mtoto mchanga wako ndani. Watu wakaja na silaha wakitaka kulipiza, King akasimama hapohapo barazani kwenye vioo vilivyovunjika akawaambia warudi nyumbani. Ila baada ya hapo huyohuyo alienda kuomba kibali cha kubeba bastola, wakamnyima, na ndani alikuwa na bunduki, mpaka Bayard Rustin, mwanaharakati mzoefu wa mapambano bila silaha, alipokuja toka New York wakakaa wakajadiliana. Alijifunza njiani mbele ya watu, akiwa na hofu. Napenda sana kwamba alikuwa na hofu.

Mchana tulienda kwenye kumbukumbu ya walionyongwa na makundi ya watu, ilifunguliwa 2018. Vyuma zaidi ya mia nane vinaning'inia, kila kimoja kimeandikwa kaunti na majina, waliotambuliwa ni zaidi ya 4,400. Unaanza kutembea viko usawa wa macho, sakafu inashuka taratibu, mwisho viko juu ya kichwa chako. Sitaandika zaidi. Tulirudi gesti bila kuongea.

Jumatatu, Selma

Kama kilometa 87 tu, haiwei namba 80, njia ileile walioandamana walitembea Machi 1965, sisi tunaenda kinyume chao. Njiani kuna jiwe la kumbukumbu la Viola Liuzzo, mama mzungu wa watoto watano toka Detroit, alikuwa anawarudisha waandamanaji na gari lake, Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu wabaguzi, wakampiga risasi.

Selma kwenyewe panasikitisha. Maduka mengi yamefungwa mbao, halafu Januari 2023 kimbunga kikapita katikati ya mji. Daraja lipo, jina kubwa juu, Edmund Pettus, ambaye alikuwa jenerali wa hao waliojitenga na mkubwa wa Ku Klux Klan. Bado linaitwa hivyo. Mjomba goti lake bovu lakini alikataa nimshikie mkono. Daraja limejikunja mgongo, ukiwa chini huoni ng'ambo, lazima ufike katikati ndo unaona kinachokusubiri, na tarehe 7 Machi 1965 watu kama mia sita walifika hapo katikati wakaona ukuta wa polisi, wengine juu ya farasi. Hawakugeuka. John Lewis, mmoja wa viongozi wao, alipasuliwa fuvu, alikuwa na miaka 25. Mama Amelia Boynton alipigwa hadi akazimia.

King siku hiyo hakuwepo, alikuwa Atlanta. Na siku mbili baadaye alipokuja akaongoza watu mpaka darajani akapiga goti, akaomba, akageuza, vijana walimkasirikia kweli, wakaona kawauza. Ni tarehe 21 ndo walitoka rasmi, siku tano, kilometa 87 kwa miguu mpaka Montgomery. Kwa hiyo anayesema siku hizi harakati zina mgawanyiko mno, zamani walikuwa kitu kimoja, aje aisome Selma vizuri. Walikuwa wanagombana kila usiku.

Walichokuwa wanadai ni kujiandikisha kupiga kura. Katika kaunti hii nusu ya wenye umri wa kura walikuwa weusi na kati ya hao weusi walioandikishwa ni kama asilimia mbili, maana ofisi ilifunguliwa siku chache kwa mwezi na unapewa mtihani wa katiba ambao hata aliyekupa hauwezi. Agosti 1965 ikapitishwa Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Halafu, na hapa ndo Mjomba alisimamisha kutafuna karanga zake, mwaka 2013 Mahakama Kuu ikakiondolea nguvu kipengele kilichoyalazimisha majimbo yenye historia ya ubaguzi kuomba ruhusa kabla ya kubadili taratibu za kura. Kesi imetoka Shelby, kaunti ya hapahapa Alabama, tutaipita kesho. "Yani waliishinda wakaja kupokonywa," anasema. Ndio Mjomba. "Basi daftari halifungwi."

Jumanne, Birmingham

Kanisa la Mtaa wa 16 tumeingia asubuhi. Jumapili 15 Septemba 1963 bomu liliua mabinti wanne humu, Addie Mae Collins, Cynthia Wesley, Carole Robertson wa miaka 14 na Denise McNair wa 11. Mtu wa kwanza kuhukumiwa ni 1977, wa mwisho 2002. Karibu miaka arobaini kesi inasubiri.

Ng'ambo ya barabara ni bustani ya Kelly Ingram, wameweka sanamu za mbwa wa polisi, unapita katikati yao meno huku na huku, Mjomba alipita haraka. Mei 1963 watoto wa shule zaidi ya elfu walitoroka madarasani wakaandamana, Bull Connor mkubwa wa usalama wa mji akawafungulia mbwa na mabomba ya zimamoto, na picha zikaenda dunia nzima. Na mgomo wa kununua ulikuwa unaendelea madukani kabla hata ya Pasaka, yani msimu wa nguo mpya, walichagua kipindi kwa makusudi.

Kabla ya hapo, Ijumaa Kuu, King alikuwa kakamatwa, akiwa selo akasoma gazetini barua ya viongozi wanane wa dini, wazungu, wanasema maandamano hayana busara na wakati wake bado. Akaanza kuwajibu pembezoni mwa hilohilo gazeti. Anawaambia neno "subiri" karibu siku zote limekuwa na maana ya "kamwe". Anawaambia kinachomsumbua zaidi sio Klan, ni mtu muungwana anayependa utulivu kuliko haki. Na kuna sehemu anasema Afrika na Asia zinakimbilia uhuru kwa kasi ya ndege, sisi tunajikokota kwa mwendo wa mkokoteni wa farasi kutafuta kikombe cha kahawa kaunta. Nilimtafsiria Mjomba barua yote kwenye benchi, nikifika sehemu ya kusubiri akasema rudia. Nikarudia.

Usiku tumefikia kwa dada mmoja Mkenya, nesi, ugali na sukuma na kuku wa kienyeji wa kununua kwa Wamexico. Mdogo wake alikuwa Nairobi mjini Juni 2024, siku ile vijana walipoingia bungeni na watu wakapigwa risasi, kesho yake Rais Ruto akasema hasaini ule Muswada wa Fedha. Dada hana muda na King. "Mzee wangu, hawa walibeba maji na simu, hawakubeba panga, na bado walipigwa. Hiyo amani iliwasaidia nini?"

Nilidhani Mjomba atahubiri. Hakuhubiri. Alisema hakuna mahali King aliahidi kwamba hutapigwa, hapo kanisani kuna watoto wanne. Alichofanya ni kuhakikisha anayepiga anaonekana, na kwamba kesho yake kuna kazi ya kufanya, dhamana ya kulipa, wakili wa kutafuta, duka la kuligomea. Akamuuliza: hao vijana wa kwenu nani anatunza majina ya waliokufa na waliopotea? Dada akasema wapo, wanasheria na vijana wenyewe, wanaweka orodha mtandaoni. "Basi hao ndo nataka niwajue," Mjomba akasema. Wakabishana mpaka saa sita usiku kuhusu harakati isiyo na kiongozi, dada anasema kiongozi atanunuliwa, Mjomba anasema asiye na kiongozi nani atasaini makubaliano, mimi nililala kwenye kochi sijui nani alishinda.

Jumatano, Memphis

Mvua njia nzima. Masaa manne barabarani, Mjomba analala, mimi na kahawa.

Moteli ya Lorraine bado ina bango lake la zamani na magari mawili ya kizamani paking, na barazani nje ya chumba 306 wameweka shada jekundu na jeupe. 4 Aprili 1968, saa kumi na mbili na dakika moja jioni. Mjomba ana kumbukumbu ya redio ikitangaza habari hiyo, alikuwa mvulana Tanga, mtangazaji alitaja jina vibaya na baba yake akazima.

Lakini kuna jambo watu hawaulizi, alikuja Memphis kufanya nini? Alikuja kwa ajili ya wazoa taka. 1 Februari mwaka huo mvua inanyesha, Echol Cole na Robert Walker walijikinga nyuma ya lori la taka, mtambo wa kukandamiza ukajiwasha ukawasaga. Malori yalikuwa mabovu, walishalalamika. 12 Februari wafanyakazi 1,300 wakagoma, mshahara ni mdogo kiasi kwamba wengi walistahili msaada wa serikali huku wanafanya kazi wiki nzima. Meya akakataa hata kukitambua chama chao. Wakatembea na mabango yenye maneno manne ya Kiingereza, I Am a Man, yani mimi ni mwanaume, kwa sababu mtu mzima wa miaka sitini alikuwa anaitwa boi.

Washauri wa King hawakutaka aje. Alikuwa anaandaa kampeni ya maskini wa rangi zote waende Washington, mwaka mmoja kabla alishaipinga vita ya Vietnam hadharani na magazeti yakamshukia, rafiki wamepungua, hela hakuna. Maandamano yake ya kwanza hapa, 28 Machi, yaliharibika, madirisha yakavunjwa, polisi wakamuua kijana wa miaka 16, Larry Payne. Angeweza kukaa kimya Atlanta. Akarudi. Usiku wa tarehe 3, dhoruba, kachoka, akamtuma rafiki na msaidizi wake Abernathy amwakilishe, Abernathy kufika akakuta ukumbi umejaa akampigia simu njoo, wanakutaka wewe. Ndo akatoa ile hotuba ya "nimefika kilele cha mlima". Kila mtu anajua mwisho wake, ila katikati ya hotuba anataja bidhaa kabisa, msinunue soda fulani, maziwa fulani, mkate fulani, hamisheni hela zenu mpeleke benki ya weusi ya Tri-State. Usiku wake wa mwisho alikuwa anawagawia watu kazi.

Ndani ya jumba wameweka lori la taka na sanamu za waandamanaji. Mjomba akamfuata mama mmoja mhudumu, kwa Kiingereza chake cha reli, swali moja: "Their pension, did they get?"

Mgomo walishinda, mama akasema, 16 Aprili, siku kumi na mbili baada ya King kufa, nyongeza ya mshahara na chama kutambuliwa. Ila pensheni ya manispaa hawakuwa nayo, waliingizwa kwenye mafao ya taifa ambayo ni madogo, na kuna waliozoa taka mpaka wamezeeka kabisa kwa sababu hawakuwa na cha kustaafia. Mwaka 2017 ndo mji ukatangaza kuwapa kifuta jasho, mwanzoni ilisemwa dola 50,000 kila mmoja, na waliohesabiwa hai wakati huo ni 14.

Mjomba akarudia, kumi na nne. Kati ya elfu moja na mia tatu. 2017 toa 1968. Akatoka nje bila kuaga, nikamkuta paking chini ya mvua kajibanza kwenye mlango wa gari anarekodi ujumbe wa sauti kwenye grupu la WhatsApp la wazee wenzake, anapaza sauti kama anaongea na mtu wa Tanga moja kwa moja: jamani nipo Memphis, wale wazoa taka wamelipwa, ndio, miaka arobaini na tisa, sasa nasikia daftari mmelitelekeza toka niondoke, kila mjane aandikwe jina, namba ya cheki na namba ya simu ya mtoto anayejua kusoma, na asiyelipa mchango wa nauli nitamsoma jina nikirudi.

Majibu yalianza kuingia hata hatujafika kwenye taa za barabarani, huko kwetu ni usiku wa manane. Wa kwanza anauliza baridi ikoje. Wa pili anataka kujua huyo meya ni wa chama gani.